Kakuma Si "Pasipo Mahali": Mwito wa Kuitembelea Turkana kwa Kiswahili

Katika maandishi mengi ya Kiingereza yahusuyo kambi ya wakimbizi ya Kakuma, msomaji hukutana na maelezo mamoja yanayorudiwa kama kiitikio: kwamba "Kakuma" ni neno la Kiswahili, na kwamba maana yake ni "pasipo mahali". Mwandishi mmoja humnukuu mwenzake, naye mwenzake humnukuu aliyemtangulia, hadi uvumi umevaa kanzu ya elimu. Mwanafunzi wa Kiswahili hahitaji shahada ya uzamili ili agundue kwamba maelezo hayo hayana msingi. Aifungue Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa na TUKI mwaka 1981, au kamusi nyingine aipendayo. Hataliona neno hilo kwa maana hiyo. Awaulize wazee wa Lamu, Mombasa, Unguja, Kilwa au Bukavu. Hatampata wa kumwambia kwamba mahali pasipokuwapo huitwa kakuma. Kakuma ni jina la mahali katika nchi ya Waturkana, kando ya mto wa msimu uitwao Tarach, nalo lilikuwa likitamkwa na wenyeji kabla ya hema la kwanza la wakimbizi kusimamishwa mwaka 1992.

Kosa hilo si dogo. Limewapokonya Waturkana jina lao, limekisingizia Kiswahili neno lisilo lake, na limewaambia maelfu kwa maelfu ya watu wanaoishi hapo kwamba hawaishi popote. Swali linalostahili kuulizwa ni hili: wenye Kiswahili walikuwa wapi uvumi huo ulipokuwa ukisambaa? Jibu lake halipendezi. Wengi hawajawahi kufika Kakuma, na wengi wa waliofika hawakuandika.

Makala haya yanashikilia rai moja. Kutembelea mahali kwa ajili ya utamaduni na historia yake ni kazi ya lugha kabla ya kuwa kazi ya miguu. Kwa hiyo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili hawana budi kuifanya Lodwar na Kakuma kuwa mojawapo ya vituo vya ziara zao, waone, wasikilize, kisha waandike kwa Kiswahili kwa ridhaa ya wenyeji. Wasipofanya hivyo, Turkana itaendelea kusimuliwa na wasioijua, na Kiswahili kitaendelea kutolewa ushahidi wa uongo.

Mji hutembelewa kwa kuwa umesimuliwa

Yafaa kuanza mbali ili hoja ionekane vyema. Edinburgh, mji mkuu wa Uskoti, huwavutia wageni kutoka pembe zote za dunia. Huko hutazama ngome iliyojengwa juu ya jabali, vichochoro vya mji wa kale na majumba ya mji mpya, sehemu mbili zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1995. Hata hivyo, mawe hayajitangazi yenyewe. Kituo kikuu cha reli mjini humo kinaitwa Waverley, jina lililotokana na riwaya za Walter Scott, na mnara wa kumkumbuka mwandishi huyo umesimama katikati ya mji tangu miaka ya 1840. Pana makumbusho ya waandishi Robert Burns, Walter Scott na Robert Louis Stevenson. Tamasha la kimataifa la sanaa lilianzishwa huko mwaka 1947, wakati Ulaya ilikuwa ingali inauguza majeraha ya vita, na mwaka 2004 mji huo ukawa wa kwanza duniani kupewa na UNESCO hadhi ya Mji wa Fasihi. Ni dhahiri kwamba mgeni anayefika huko anakuta mji uliokwisha kusimuliwa. Macho yake huongozwa na maneno aliyoyasoma kabla ya kufunga safari.

Ikumbukwe pia kwamba mji huo una uhusiano na Kiswahili. Julius Nyerere alisoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh kati ya mwaka 1949 na 1952. Miaka kadhaa baadaye alitoa tafsiri ya tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar (1963) na Mabepari wa Venisi (1969). Alikwenda kwenye mji wa watu wenye fahari ya maandishi yao, akarudi akaitajirisha lugha ya kwao. Huo ndio mfano bora wa msafiri: haridhiki kusema "nilifika", bali huleta kitu ambacho lugha yake haikuwa nacho.

Wala desturi hiyo haikuanza na Nyerere. Mwaka 1901 Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa masimulizi ya Waswahili kuhusu safari zao za bara, na hata safari ya Selim bin Abakari ya Urusi na Siberia. Waswahili hao hawakungoja kusimuliwa nchi za watu. Walikwenda, wakatazama mavazi, vyakula, ndoa, mazishi na hali ya hewa, wakaeleza kwa lugha yao. Iwapo Siberia iliweza kuingia katika nathari ya Kiswahili zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwa nini Lodwar iwe mbali?

Mazoea ya kuelekea Pwani

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vimezoea kupanga ziara za kitaaluma kuelekea upande mmoja. Basi likikodiwa, dereva hahitaji kuuliza njia: ni Mombasa, Lamu au, mfuko ukiruhusu, Zanzibar. Wanafunzi huzuru Ngome ya Yesu, hupiga picha kwenye milango ya nakshi, hula biriani na hurejea wakiwa na leso mbili tatu. Si vibaya. Pwani ndiyo chemchemi ya lugha hii, na asiyekunywa kwenye chemchemi hujidhulumu mwenyewe. Tatizo ni pale mazoea yanapozaa imani kwamba Kiswahili ni mali ya makumbusho, kwamba kiko kwenye mawe ya matumbawe tu, na kwamba bara, hususan bara kame, si pahali pa mwanafunzi wa lugha.

Ulinganisho mdogo wa tarehe unatosha kuitikisa imani hiyo. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, Mji wa Kale wa Lamu mwaka 2001, na Ngome ya Yesu mwaka 2011. Hifadhi za Ziwa Turkana ziliingizwa mwaka 1997. Yaani, dunia ilitambua thamani ya eneo hilo kabla ya Lamu. Isitoshe, mwaka 2018 hifadhi hizo ziliwekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, miongoni mwa sababu zikiwa ni hofu juu ya athari za mabwawa yaliyojengwa kwenye mto Omo nchini Ethiopia, ambao ndio huleta maji mengi zaidi ziwani. Ni wanafunzi wangapi wa Kiswahili walioandika hata insha moja kuhusu jambo hilo? Urithi ulio karibu kupotea unastahili mwandishi kuliko ule uliokwisha kupata waandishi elfu.

Lodwar: mji waliodhani ni mwisho wa dunia

Lodwar iko kando ya mto Turkwel, katika nchi ya joto kali, michongoma na mikoche. Serikali ya kikoloni iliihesabu Turkana kuwa wilaya iliyofungwa: asiye mwenyeji hakuingia ila kwa kibali, na mwenyeji hakutoka apendavyo. Baada ya kesi ya Kapenguria, Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa Lokitaung, kaskazini mwa Turkana. Kifungo cha Kenyatta kilipomalizika mwaka 1959 hakuachiliwa, bali alihamishiwa Lodwar kuishi chini ya amri ya kizuizi hadi mwaka 1961 alipopelekwa Maralal. Wakoloni walichagua huko kwa sababu ileile iliyowafanya waandishi wa baadaye kulitafsiri jina la Kakuma kama walivyolitafsiri. Kwao Turkana ilikuwa "pasipo mahali", pa kumficha mtu ili asahauliwe.

Mpango huo ulishindwa. Kenyatta hakusahauliwa. Kilichosahauliwa ni Lodwar. Katika vitabu vingi vya historia, mji huo hutajwa kwa sentensi moja kisha msimulizi huharakisha kwenda Nairobi kwenye sherehe za uhuru. Waturkana walioishi karibu na kizuizi hicho waliona nini? Walimwitaje mzee huyo aliyeletwa chini ya ulinzi? Fasihi ya Kiswahili ina mapokeo mazito ya maandishi ya kifungoni. Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973) ni shahidi mkuu wa hayo. Mwanafunzi aliyeisoma diwani hiyo darasani angefika Lodwar na Lokitaung akiwa na masikio yaliyo wazi, akatafuta simulizi za watu waliokaa nje ya ukuta.

Kutoka Lodwar kuelekea Kalokol, karibu na ziwa, zimesimama nguzo za mawe ziitwazo Namoratung'a. Wenyeji husimulia kwamba ni watu waliokuwa wakicheza ngoma wakageuzwa mawe. Wanaakiolojia nao wana masimulizi yao kuhusu maeneo ya nguzo kandokando ya ziwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu eneo la Lothagam ulionyesha kwamba wafugaji wa kwanza wa eneo hilo, takriban miaka 5,000 iliyopita, walijenga makaburi ya pamoja ambamo walizikwa watu wasiopungua 580. Masimulizi haya mawili hayafai kushindanishwa kama mabondia. La kwanza hueleza jinsi watu waliyapa mawe maana, na la pili hueleza umri na matumizi yake. Mwanafunzi wa fasihi simulizi ndiye awezaye kuyaweka pamoja bila kulidhihaki lolote. Lakini atayaweka vipi pamoja ikiwa hajafika?

Mbele zaidi, upande wa magharibi wa ziwa, iko Nariokotome. Hapo mwaka 1984 Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho lisilo na mfano la kutambua visukuku, aligundua kipande cha fuvu kilichofungua njia ya kupatikana kwa kiunzi cha mvulana aliyeishi yapata miaka milioni moja na nusu iliyopita. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba zana za mawe za Lomekwi, magharibi mwa ziwa hilohilo, zina umri wa miaka milioni 3.3. Mahali panapodaiwa kuwa si mahali ndipo penye baadhi ya ushahidi wa kale kabisa wa mikono ya viumbe waliomtangulia binadamu.

Hapa pana funzo kuhusu majina. Mwaka 1888 Teleki na von Höhnel walilifikia ziwa hilo wakalipa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, kana kwamba waliokuwa wakivua samaki humo walikuwa wakilinyamazia tu. Ilingojewa hadi mwaka 1975 ndipo likaitwa rasmi Ziwa Turkana. Kwa upande mwingine, mwaka 1995 wanasayansi walipokipa jina kiumbe wa kale aliyepatikana Kanapoi, walimwita Australopithecus anamensis, wakichukua neno "anam" ambalo kwa Kiturkana ni ziwa. Sayansi iliinama ikaokota neno la wenyeji. Je, itakuwaje Kiswahili, jirani na ndugu wa Afrika, kishindwe kufanya vivyo hivyo?

Tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, serikali ya kaunti imekuwa ikiandaa mjini Lodwar tamasha la utalii na utamaduni liitwalo Tobong'u Lore, jina lenye maana ya kuwakaribisha watu warudi nyumbani. Waturkana hukutana na jamaa zao wa jamii za Ateker kutoka Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia, na ngoma ya edong'a huchezwa hadi vumbi likapanda. Hapo ndipo mgeni anaposikia habari za Nayece, mama wa kale anayesimuliwa kuwa alitoka upande wa Wajie, katika Uganda ya leo, akashuka hadi bonde la Tarach, na fahali wa kijivu akawa sababu ya vijana kumfuata na hatimaye kubaki. Bonde hilo la Tarach ndimo Kakuma ilimo. Kwa maneno mengine, katika kumbukumbu za Waturkana wenyewe, Kakuma iko jirani na chanzo. Huo ni umbali mkubwa sana kutoka kwenye "pasipo mahali".

Kakuma: mahali pa wengi

Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni takriban kilomita 120. Kambi ilianzishwa mwaka 1992 kuwapokea wakimbizi kutoka Sudan, wakiwamo maelfu ya wavulana waliokuwa wametembea kwa miguu hadi Ethiopia, wakatimuliwa na vita vya huko mwaka 1991, kisha wakatembea tena. Baadaye waliongezeka Wasomali, Waethiopia, Wakongomani, Warundi, Wanyarwanda, Waganda na wengineo. Mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa karibu nayo kwa nia ya kuwaweka wakimbizi na wenyeji katika huduma za pamoja. Kufikia katikati ya miaka ya 2020, Kakuma na Kalobeyei kwa jumla zilikuwa na wakimbizi wapatao 300,000, idadi ya jiji kamili.

Jiji hilo lina soko lake. Uchunguzi wa Shirika la Fedha la Kimataifa uliotolewa mwaka 2018 uliikadiria thamani ya uchumi wa Kakuma kuwa dola milioni 56 kwa mwaka, pamoja na biashara zaidi ya 2,000. Lina mashujaa wake pia: katika Michezo ya Olimpiki ya Rio ya mwaka 2016, wakimbiaji watano wa timu ya kwanza ya wakimbizi walitoka Kakuma, na Rose Nathike Lokonyen ndiye aliyeibeba bendera ya timu hiyo katika sherehe za ufunguzi.

Lakini kwa msomaji wa jarida hili, utajiri mkubwa zaidi wa Kakuma ni lugha. Shule za kambini hufuata mtalaa wa Kenya, hivyo mtoto wa Kidinka na mtoto wa Kisomali hujifunza ngeli za Kiswahili kwenye dawati moja. Mkongomani kutoka Kivu huja na Kiswahili chake cha "batoto" na "mayi", akakutana na mwalimu anayesahihisha "watoto" na "maji", kisha wote wawili huenda sokoni wakakuta Sheng' ya vijana. Mwaka 2002 walihamishiwa Kakuma kutoka Dadaab maelfu ya Wasomali Wabantu waliokuwa wakisubiri kupelekwa Marekani. Miongoni mwao walikuwamo wasemaji wa Kizigula, wazao wa Wazigua waliochukuliwa kutoka pwani ya Tanganyika katika karne ya 19. Lugha ndugu ya Kiswahili ilikaa bonde la Tarach kwa muda, kisha ikasafiri hadi Marekani. Ni wanaisimu wangapi wa Kiswahili waliokwenda kuisikiliza ilipokuwa hapo? Mwanafunzi anayetafuta mada ya tasnifu kuhusu mgusano wa lugha, lahaja au ujifunzaji wa lugha ya pili hutumwa maktaba. Apandishwe basi.

Hata hivyo, hapa ndipo penye hatari, na ni vyema isemwe waziwazi. Kambi si mbuga ya wanyama. Mkimbizi hakukimbia vita ili awe mandhari ya picha za mtu. Mwaka 2025, Mpango wa Chakula Duniani ulipopungukiwa fedha, mgao wa chakula Kakuma ulikatwa kwa kiasi kikubwa, na wakimbizi waliandamana. Mgeni anayezunguka na kamera mbele ya watu waliokatiwa mgao, akatafuta mtoto mwenye uso wa huzuni, hatembelei utamaduni wowote, anaiba heshima. Kwa hivyo ziara ya Kakuma ina masharti yake: kibali cha Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, mwaliko kutoka kwa walimu, waandishi au wasanii wa huko, ridhaa kabla ya picha au kinasa sauti, na malipo ya haki kwa mwelekezaji na mkalimani. Chakula kiliwe kwenye mikahawa ya Wasomali na Waethiopia, nguo zishonwe na mafundi wa huko. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ziara isiyomponya mwenyeji haina tofauti na uvamizi wenye tabasamu.

Pingamizi mbili

Wapo watakaosema kwamba mambo haya ni anasa. Nchi inayokumbwa na ukame wa mara kwa mara, barabara iliyowahi kuwa na mashambulizi ya majambazi katika maeneo ya Kainuk, na wanafunzi wasio na karo, vyote hivyo haviruhusu matembezi ya utamaduni. Pingamizi hili lina uzito na halifai kupuuzwa. Safari haina budi kupangwa kwa ushauri wa vyombo vya usalama, na pasipo usalama isifanywe. Lakini hoja ya ukame inageuka dhidi ya mwenye kuitoa. Turkana hukumbukwa kwenye habari pale tu mifugo inapokufa. Picha ya mzoga imekuwa ndiyo anwani ya kaunti nzima. Mtu anayejua nchi kwa njaa yake tu huituma misaada, wala hafikirii kuipelekea mwanafunzi, mteja au msomaji. Kuisimulia Turkana kwa ukamilifu, pamoja na mawe yake, ngoma zake, ziwa lake na vichekesho vyake, ni njia mojawapo ya kuirudisha katika hesabu ya taifa. Kuhusu gharama, chama kinachomudu Zanzibar kinamudu Lodwar.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kiswahili, husemwa, ni lugha kubwa. Kikiingia Turkana na vitabu vyake kitakimeza Kiturkana kama kilivyokwisha kuzibana lugha nyingine. Wanaosema hivyo hawakosi ushahidi, na mwanafunzi wa Kiswahili asijitie uziwi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na papo hapo inaitaka dola ikuze na kulinda anuwai ya lugha za wananchi. Majukumu hayo mawili hayagongani iwapo Kiswahili kitaingia kama mgeni mwenye adabu. Mgeni mwenye adabu hubisha hodi, huketi anapoonyeshwa, na haviiti upya vyombo vya nyumba ya watu. Ekicholong', ambacho mwanamume wa Kiturkana hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku, kisiitwe "kigoda" tu ikawa yamekwisha. Emuron asitafsiriwe "mganga" kana kwamba hakuna tofauti. Boma la Kiturkana, awi, lina mpangilio wake wa nyumba za wake na zizi. Maneno kama hayo yaingie Kiswahili yakiwa na sura zake, yakielezwa kwa ufasaha, kama yalivyoingia ya Kiarabu, Kireno na Kihindi. Kiswahili kilikua kwa kupokea. Kitakachowadhuru wenyeji ni uvivu wa mwandishi, na uvivu huo ndio uliozaa tafsiri ya Kakuma.

La kufanya

Rai bila mpango ni porojo. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili katika vyuo vikuu vinaweza kuanza na mambo machache yasiyohitaji mfadhili mkubwa.

Kwanza, kila baada ya miaka miwili ziara moja ya kitaaluma ielekezwe Turkana, kwa ushirikiano na wenzao wa chuo cha Turkana kilichoanzishwa mjini Lodwar mwaka 2017 chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Wanafunzi wa huko wasifanywe wabeba mizigo wa watafiti wa Nairobi na Eldoret. Wawe wenyeji, wahariri na waandishi wenza. Pili, ziara hiyo izae kijitabu cha mwongozo wa msafiri kwa Kiswahili: Lodwar, Kalokol, Lokitaung na Kakuma, pamoja na majina ya Kiturkana yaliyoandikwa sawasawa na kuelezwa na wenyewe. Mkenya anayetembelea nchi yake hana sababu ya kuisoma kwa Kiingereza peke yake. Tatu, simulizi zitakazorekodiwa ziwekewe nakala Lodwar na Kakuma. Mtafiti anayeondoka na sauti za wazee asirudi tena hana tofauti na yule aliyeondoka na ng'ombe. Nne, wahadhiri waruhusu insha ya safari ihesabiwe kuwa kazi ya kitaaluma, ili utanzu uliochapishwa mwaka 1901 usife mikononi mwa kizazi chenye simu za kurekodi.

Tano, na hili halihitaji hata nauli: kila msomi wa Kiswahili anayekutana na maelezo kwamba "Kakuma" ni Kiswahili cha "pasipo mahali" ayasahihishe kwa maandishi, kwa jina lake na cheo chake. Amwandikie mhariri, amwandikie mchapishaji, aiandike kwenye tanbihi ya tasnifu yake. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga, lakini anayeijua akanyamaza ana lawama kubwa kuliko asiyeijua. Jina hilo lina wenyewe. Wako hapo kandoni mwa Tarach, na wanaweza kuulizwa. Kazi ya mwanafunzi wa Kiswahili ni kwenda kuuliza, kusikiliza jibu hadi mwisho, na kuliandika kama alivyoambiwa.